Kufuli Kumi na Moja za Baba Stoo

Baba aliibiwa redio saa saba mchana, redio ikiwa imewashwa na yeye akiwa amekaa kando yake. Nasema amekaa kwa kumstahi tu. Ukweli ni kwamba alikuwa amelala usingizi wa pono kwenye kiti chake cha mbao, mdomo wazi, miguu juu ya kigoda. Mwizi aliingia kwa mlango wa jikoni, ambao tangu nizaliwe ulikuwa ukishinda wazi, akanyoosha mkono juu ya bega la baba na kuichukua. Mama alikuwa chumba cha mbele anashona, na cherehani yake ikianza kunguruma hata ukuta ukianguka husikii. Kilichomwamsha baba ni ukimya. Taarifa ya habari ilikatika katikati ya sentensi, akafumbua macho kuuliza nani amezima.

Alikuwa na wiki tatu tangu astaafu. Miaka thelathini na moja alikuwa mtunza stoo wa hospitali: mashuka, ndoo, balbu, glavu, magodoro, vyote vilipita mikononi mwake. Mtaa mzima unamwita Stoo. Nilipokuwa darasa la kwanza niliulizwa jina la baba nikaandika hivyo, na mwalimu hakusahihisha, maana hata yeye alimjua kwa jina hilo. Redio yenyewe alipewa na wenzake siku ya kumuaga. Kwetu ilikaa siku ishirini.

Ili umwelewe mzee huyu, inabidi ujue habari ya ukurasa wa mwisho. Kila daftari la stoo lina ukurasa wa mwisho unaoitwa Upotevu, wenye mistari minne: kilichopotea, tarehe, aliyekuwa zamu, sababu. Kitu kikipotea, mtunza stoo anajaza na kutia sahihi. Baba alimaliza madaftari arobaini na mawili, na katika yote ukurasa ule ulibaki mweupe. Haikupotea sindano. Hakikupotea kipande cha sabuni. Hadithi hiyo tumeisikia mezani, msibani, na kwenye foleni ya benki. Mume wa dada yangu siku ya kwanza kuja kwetu alisimuliwa ukurasa wa Upotevu kabla hajapewa kiti.

Kwa hiyo watu waliokuja kutupa pole ya redio walikuwa na kazi ngumu ya kujibana wasicheke. Mama Mayai, jirani yetu wa upande wa kulia anayefuga kuku, alishindwa kabisa.

"Pole sana Mzee Stoo," alisema kwa sauti ya upole. "Na huyo mwizi, alikufunika shuka kabla hajaondoka?"

Baba aliinuka, akaenda kuufunga mlango wa jikoni, na ndivyo balaa lilivyoanza.

Kesho yake alikuja fundi wa kuchomelea. Alipima madirisha yote, na baba akawa anapima nyuma yake kuhakikisha. Wiki moja baadaye kila dirisha lilikuwa na nondo nene, hata lile dogo la bafuni ambalo paka wetu huingia kwa kujikamua. Fundi mwenyewe aliona haya. Alimwambia baba, "Mzee, hili dirisha mtu hapiti." Baba akamjibu kwamba mtu anaweza asipite lakini mkono ukapita, na mkono ndio unaoiba. Na kweli, redio ilichukuliwa na mkono.

Baada ya nondo zikaja kufuli. Mlango wa mbele ulipata mbili, wa jikoni mbili, geti mbili. Kabati la vyombo likapata yake. Mtungi wa gesi ulifungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza, yaani mtu akitaka kutuibia gesi ilimlazimu aondoke na meza. Pipa la maji, banda la kuni, na mwisho choo cha uani. Zilikuwa kumi na moja. Tulimuuliza ni nani atakayeiba choo. Akasema choo kina ndoo ndani yake.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, funguo hazikuachwa zizagae. Alipigilia ubao ukutani, sebuleni, misumari kumi na moja, kila ufunguo na lebo yake ya boksi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MLANGO WA MBELE JUU, MLANGO WA MBELE CHINI, GESI, CHOO. Mwandiko wa baba ni mzuri mno, unasomeka hata ukiwa getini.

Mama alisimama mbele ya ule ubao, mikono kiunoni. "Baba Watoto," alisema, "huyu mwizi umemwandikia maelekezo. Bado kumchorea mshale."

Baba alitafakari, akakubali kwamba hoja ina uzito. Akazitoa zile lebo na kuweka nambari, kwa utaratibu wa kule stoo, ambao yeye peke yake aliujua. Jioni ile mimi nilisimama uani nimebana miguu, nikijaribu funguo saba kwenye kufuli ya choo, na yeye akinielekeza kutoka dirishani kwamba vifaa vya maji vinaanzia ishirini na mbili. Sitaki kusema jambo lile liliishaje. Kesho yake lebo za zamani zilirudi.

Chini ya ubao akaweka meza ndogo, na juu ya meza daftari. Ukichukua ufunguo unaandika jina, ufunguo gani, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, sahihi. Mtu mwenye tumbo la kuhara hana muda wa sahihi, lakini mwambie Stoo. Wageni nao walikuwa na kurasa zao. Wateja wa mama, ambao miaka yote walikuwa wakiingia wakiita tu "hodi" huku wameshapita, sasa walisimamishwa getini na kupewa kalamu. Mama mmoja mnene, mcheshi sana, alitakiwa kuandika sababu ya ziara. Akaandika: kupanua kiuno. Akacheka, akashonewa sketi yake. Hakurudi tena, na wenzake watatu wakamfuata.

Mama alivumilia. Watu husema mama ni mpole, lakini hao hawajamwona akikata kitambaa. Yeye hupima mara moja, anatia alama, anakata, na ukishakatwa umekatwa. Kwa baba alikuwa bado anapima. Aliponiona nimenuna alikuwa akiniambia, "Mwache. Amezoea kuwa na mlango wa kulinda. Atachoka."

Siku aliyokata ilikuwa Jumatatu, saluni ninakofanya kazi hufungwa siku hiyo, kwa hiyo nilikuwepo. Mama alikuwa anakwenda kununua nyuzi na vifungo. Wateja wawili walikuwa sebuleni wanangoja. Mama alijifunga kitambaa chake cha kichwa, akachukua mkoba, akafika mlangoni. Baba akiwa kitini, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akanyoosha mkono na kusema, "Mkoba."

Lazima niwe mkweli kwa niaba yake. Kule hospitalini, kila aliyetoka stoo alifungua mkoba wake mlangoni, awe daktari au mfagiaji. Baba hakuwa anamshuku mama hata chembe. Mkono wake ulinyooka wenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja. Lakini neno lilishatoka, na wale wateja wawili walishalisikia.

Mama aliutazama ule mkono. Kisha akaufungua mkoba na kuumwaga mezani, juu ya daftari. Kilianguka kipande cha khaki cha sampuli, futi ya kupimia, leso, miwani, na ndimu moja. Akavipanga kwa mstari.

"Kagua," alisema.

"Mama Watoto, mimi sikuwa na maana..."

"Kagua, baba. Usije ukapata upotevu."

Hakukagua. Alikuwa ameshaelewa, masikio yamemwinama. Mama akavirudisha vitu vyake kimoja kimoja, akaivuta kalamu, akageuza daftari upande wake na kuandika bila haraka. Kisha akaingia chumbani, akatoka na begi la nguo, akawaambia wateja wake watamkuta kwa mdogo wake, akaondoka. Geti lilipolia ndipo niliposogea kusoma.

Jina: Mama. Kilichochukuliwa: mimi. Saa ya kutoka: nne na dakika ishirini. Saa ya kurudi: palikuwa wazi. Sahihi yake ilikuwa safi.

Mama mdogo anakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Si mbali, mtu angeweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa sana. Baba hakwenda.

"Nyumba nitamwachia nani?" aliniuliza.

"Mimi nipo."

"Wewe unalala kama baba yako."

Siku ya pili alinituma nimpigie mama mdogo simu, nimuulizie mama anarudi saa ngapi ili ajaze daftari. Nilipiga, kwa aibu. Nilisikia mama akisema kwa nyuma, "Mwambie aache wazi." Mama mdogo, ambaye hakuwahi kupoteza nafasi ya kumpa shemeji yake vidonge vyake, aliongeza kwamba kwake mlango hauna hata komeo na watu wanalala wakiota.

Baba hakuwa analala tena. Alishinda kwenye kiti chake akiutazama mlango, na kila nikiamka namkuta hapo hapo, nguo zile zile. Chakula changu alikula bila kulalamika, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia wazi kwamba nyumba yenye kufuli kumi na moja na isiyo na mama ni stoo tu, na alistaafu ili atoke stoo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "hakikupotea kitu mkononi mwangu. Nimekuja kwangu, kwenye vitu vyangu, nikaibiwa nimelala. Mama yako alikuwa chumba cha pili. Yule mtu angetaka, angeingia chumba cha pili."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Mtaa mzima ulikuwa unacheka habari ya redio, nami nilicheka pamoja nao, na mzee alikuwa amekaa na hofu hii tumboni wiki zote hizo. Nilimhurumia, lakini bado nilikuwa na hasira, maana angeweza kuyasema maneno hayo kwa mwenye chumba cha pili.

Siku ya saba mama mdogo alipiga simu. Sauti haikuwa na mzaha. Mama alikuwa amepata chumba cha kushonea, mtaa wa kule kule. Jumamosi angetuma mkokoteni uje kuchukua cherehani.

Cherehani ya mama ni ya miguu ya chuma, ya kukanyaga, nzito hata wanaume wawili huisogeza kwa kuapa. Imekaa pale pale chini ya dirisha tangu kabla sijazaliwa, na sakafu ina mashimo manne yanayoijua. Kila mtu kwetu alifahamu maana yake. Mama akiwa ameondoka na begi, alikuwa amekasirika. Cherehani ikitoka, alikuwa amehama. Nilimpa baba habari hiyo, akainuka, akaenda akaweka mkono juu ya cherehani, akasimama hapo.

Ijumaa, saa nane mchana, nikiwa saluni na kichwa cha mtu mikononi, Mama Mayai alinipigia simu akihema.

"Njoo mbio. Kwenu kumevunjwa. Kuko wazi mbele na nyuma, na baba yako simwoni."

Nilimwacha mteja na nywele nusu. Njiani sikuwaza gesi wala vyombo, nilimwaza baba tu. Nilikuta geti limeachama, mlango wa mbele wazi, wa jikoni wazi, choo wazi, kabati wazi. Kufuli zote zilikuwa zimening'inia wazi kila moja mahali pake, na funguo zote kwenye misumari yake, lebo zikitazama mbele. Mtungi wa gesi ulikuwepo, umefunguliwa mnyororo. Cherehani ilikuwepo. Nilipita chumba hadi chumba nikihesabu, kama mtoto wa Stoo, na sikuona pengo. Kisha nikaitazama meza ndogo chini ya ubao.

Daftari halikuwepo.

Nilimwambia Mama Mayai, aliyekuwa ameshaingia hadi sebuleni akishangaa mapazia, atuangalizie nyumba kidogo. Nikachukua njia ya kwa mama mdogo.

Baba alikuwa amesimama barazani, amevaa shati lake la kazini, la vifungo vyote, daftari kwapani. Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni amenyoosha miguu, hapishi.

"Shemeji, jina," alikuwa anasema. "Na sababu ya ziara."

"Shemeji, nimekuja kumwona mke wangu."

"Hiyo ni sababu. Jina bado."

Angemweka pale mpaka jua lizame, lakini mama alitoka, futi ikiwa shingoni. Hakumsalimu. Baba naye hakuanza kuomba radhi. Sijui kama anajua maneno yake, kwetu hatujawahi kuyasikia. Alilifungua daftari, akapita kurasa zote za funguo na za wageni, akafika ule wa mwisho, akampa. Mimi nilichungulia juu ya bega la mama.

Kilichopotea: mke wangu. Tarehe: Jumatatu ile. Aliyekuwa zamu: mimi. Sababu: uzembe wa mtunza stoo.

Na chini yake sahihi, ile ile iliyokuwa kwenye madaftari arobaini na mawili, ila hii kalamu ilikuwa imegandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Juu ya mistari hiyo hakuna kitu kingine kilichoandikwa. Redio hakuiandika kamwe.

Mama alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yalivyokuwa. Mama mdogo akakunja miguu yake bila kuambiwa.

"Nyumba umemwachia nani?" mama aliuliza.

"Hakuna."

"Umefunga?"

"Nilifunga zote," alisema baba. "Nikafika kona, nikarudi kuangalia kama nimefunga. Nikafika kona tena, nikarudi. Mara tatu. Ya nne nikafungua zote. Zikifungwa naziwaza, siwezi kufika."

Macho ya mama yalilowa, na alikasirika kwamba yamelowa, akaifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akaomba kalamu. Alirudi kwenye ukurasa wa Jumatatu, kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi, akaandika: saa kumi na moja.

Baba akaangalia saa yake. "Sasa hivi ni saa tisa kasoro."

"Najua," alisema mama. "Nina gauni la mtu juu ya meza na mdogo wangu ameweka chai. Kaa."

Akakaa. Mama mdogo alimpa kikombe kilichopasuka mpini, kwa makusudi, naye akanywa chai yote.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja kamili, kwa kuwa baba alitutembeza taratibu tusiwahi. Mama Mayai alikuwa kwake, anamwaga maji uani, akatuambia nyumba aliilinda mpaka alipokwenda kulisha kuku, na hakuona mtu. Tukaingia. Baba alisimama sebuleni, akageuka kuutazama mlango, akautazama ubao. Vitu vyote vilikuwepo. Kufuli tu ndizo hazikuwepo. Zote kumi na moja, pamoja na funguo zake. Mtu alizikusanya kama anayechuma mboga, akaenda zake.

Tulimngoja baba. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo kwa ndani. Yeye akaliweka daftari mezani, akalifungua ukurasa wa mwisho, akashika kalamu, kisha akamtazama mama.

"Hizo usiandike," alisema mama, akavua viatu na kwenda kukaa kwenye cherehani yake.

Sina ushahidi, na siwezi kumsingizia mtu. Nasema tu kwamba banda la kuku la jirani yetu mmoja sasa linafungwa kwa kufuli nzuri nene, na siku moja nilipokwenda kununua mayai niliona ufunguo wake una lebo ya boksi, na ile lebo kwa mwandiko wa baba inasema CHOO.

Jioni ile mama alikanyaga cherehani ili kumaliza kazi za watu waliongoja siku kumi na moja. Baba alivuta kiti chake kutoka mlangoni, akakiweka kando yake, karibu na dirisha, akakaa wima. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Macho yake yaliuendea, yakarudi, yakauendea tena. Kichwa kilianza kuanguka, akakishtua. Kikaanguka tena.

Mama hakusimamisha cherehani. "Lala, Baba Watoto," alisema. "Zamu ni yangu."

Alilala hapo hapo, mdomo wazi.